Bibi amekubali kosa ambalo najua nusu yake ni langu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 31, nafanya kazi kwenye zahanati ya kijiji mkoani Tanga. Naomba usichapishe jina langu wala la kijiji. Alhamisi ya wiki ijayo kuna kikao nitakachokueleza, na tangu nilipoambiwa habari zake chakula hakipiti.

Nilipopangiwa kituo hiki miaka minne iliyopita, kilichonishangaza kwanza ni daftari la wazazi. Siku za kliniki wajawazito walijaa, foleni inafika hadi chini ya mwembe, lakini waliojifungulia kwetu mwezi mzima walikuwa 6. Wengine walikuwa wanazalia wapi? Kila niliyemuuliza aliinamisha macho. Mhudumu wetu ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia, "Nenda kwa Bibi."

Bibi ni mkunga wa jadi. Umri wake haujui, ila mtendaji wa kijiji amepokelewa na mikono yake, na mhudumu wetu pia, na watoto wa mhudumu wetu. Nilimkuta barazani anachambua kunde kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa mkekani. Aliitazama sare yangu akasema, "Nesi, umekuja kunisalimu au umekuja kunikataza?" Nikamwambia nimekuja kumsalimu. Wiki iliyofuata nikarudi, na nyingine nikarudi. Mara ya nne ndipo tulipozungumza kazi.

Tulikubaliana hivi. Yeye hatazalisha tena nyumbani. Mama akishikwa na uchungu atamleta zahanati, na atakaa naye hadi mwisho: amsugue mgongo, amnyweshe uji, amwambie yale maneno ambayo mimi mgeni, wa kabila jingine, siwezi kuyasema. Mimi nitapokea mtoto, nitachoma sindano, nitaandika. Nikamwekea kiti leba, kile cheupe cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulivunjika tukaufunga kwa waya. Ikiwa usiku, anipigie simu, nitakuja. Yote hayo tuliyasema kwa mdomo pale pale mkekani, hatukuandika popote. Mganga mfawidhi wa wakati ule alijua, akaacha, na mambo yakaenda. Mwaka uliofuata kuna miezi tulifikisha wazazi zaidi ya 20.

Februari mwaka huu tukaletewa mfawidhi mpya, tabibu kijana. Sitaki nimseme vibaya kwa sababu kazi anafanya. Stoo ya dawa ameipanga, dawa hazipotei tena, na friji ya chanjo, ambayo ndimo tunamohifadhi oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikate, haijazimika tangu aje. Lakini siku ya kwanza aliponikuta leba na Bibi alisema hiki ni kituo cha serikali na wakunga wa jadi hawatambuliki. Kiti kikatolewa nje, sasa anakikalia mlinzi. Bibi hakugomba. Akawa anawafikisha akina mama getini, anageuza. Nami nikaanza kuona wanafika wakiwa wamechelewa, njia imeshafunguka yote. Mmoja alizalia kwenye ngazi. Nilijua kwa nini. Walikuwa wanabaki na Bibi kadiri wawezavyo, maana wakishavuka geti hawako naye tena.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Jumatano, mvua inanyesha. Mimi ndiye mkunga pekee, jina langu limeandikwa kwenye ratiba ya zamu ukutani kila usiku wa mwezi. Nilikuwa nimekesha siku mbili mfululizo kwa wazazi, na mtoto wangu wa miezi minane alikuwa na homa. Saa tatu usiku nikazima simu. Shangazi, nakuandikia ukweli: chaji haikuisha, mtandao haukukatika. Niliizima kwa mkono wangu ili nilale.

Kwenye saa tatu na nusu Bibi alianza kunipigia. Mama mmoja wa mimba ya tano alikuwa ameshikwa uchungu tangu saa mbili. Alimtuma mjukuu wake zahanati, mlinzi akamwambia nesi hayupo. Mama akajifungua nyumbani kwake saa tano, mtoto wa kike, analia vizuri. Kondo la nyuma likatoka lenyewe, lakini damu haikukata. Bibi akamfunga kanga, wakapanda bodaboda, mama katikati, Bibi nyuma amemshikilia, kwenye utelezi ule. Waligonga mlango wangu saa sita na robo. Kanga mbili zilikuwa zimelowa. Presha ilisoma 70 kwa 40, na nilipogusa tumbo, mji wa mimba ulikuwa laini kama unga uliochacha. Nikachoma oksitosini, nikaweka dripu, nikakanda tumbo, mhudumu akapiga 115, namba ya kuita usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi. Dereva alifika, tukaondoka. Saa tisa usiku tulikuwa hospitali, akaongezwa chupa mbili za damu. Yu hai. Mtoto yu hai.

Asubuhi nilipowasha simu ziliingia taarifa za simu saba zilizonikosa, zote za Bibi. Taarifa hizo bado zipo. Sijamwonyesha mtu, na kuzifuta nashindwa.

Mfawidhi ameandika ripoti kwamba mama alicheleweshwa nyumbani na mkunga wa jadi kinyume na maelekezo, na anataka nisaini kama shahidi. Serikali ya kijiji inataka kumtoza faini Bibi pamoja na mume wa yule mama, kwa sheria ndogo ya kuzalia nyumbani, na Bibi apigwe marufuku kabisa. Kikao cha Alhamisi atakuwepo mtendaji, kamati ya zahanati na wageni kutoka wilayani. Bibi ameshahojiwa. Alisema neno moja tu: "Nimezeeka, nilichelewa." Simu hakuzitaja.

Mume wangu anasema ninyamaze, tuna mtoto mdogo na mkopo. Nikisema, naogopa kazi, naogopa leseni. Nikinyamaza, yule mzee anabeba zigo langu mbele ya kijiji alichokizalisha yeye. Na wakishammaliza Bibi, daftari langu litarudi kwenye 6. Je, nisaini? Niseme? Au nilikosea tangu mwanzo kushirikiana naye?

Mkunga wa Tanga

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole tena kwa hizo siku mbili za kukesha ambazo umezitaja kwa sentensi moja ukazipita.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya pili niliisoma na kalamu, nikawa naandika saa pembeni: saa mbili, saa tatu, saa tatu na nusu, saa tano, saa sita na robo, saa tisa. Nimefanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kujibu barua, na nilijifunza huko kwamba watu wakianza kulaumiana, saa ndizo husahaulika kwanza. Kabla hujafanya lolote, nakuomba na wewe uziandike kwenye karatasi yako, kwa mkono wako, wakati bado unazikumbuka. Usiandike nani alikosea, andika saa na kilichotokea tu.

Unaniuliza maswali matatu, lakini nikikuelewa vizuri jambo ni moja. Wewe na Bibi mlikuwa na makubaliano. Usiku ule yeye alitimiza sehemu yake, wewe hukutimiza yako. Sasa mtu wa tatu ameandika kwamba aliyekosa ni yeye, na yeye mwenyewe ameitikia. Unaona milango miwili tu: kumwacha aangamie, au kujiangamiza. Nadhani ipo mingine, ingawa hakuna hata mmoja ambao hauna hatari, na sitakudanganya juu ya hilo.

Tuanze na simu, kwa sababu ndiyo inayokunyima chakula. Sitakuambia kwamba si kitu. Uliahidi utakuja, na mama alivuja damu. Lakini rudi kwenye sentensi yako mwenyewe: jina lako limeandikwa kwenye ratiba kila usiku wa mwezi. Mwanangu, karatasi yenye jina moja kwa usiku wote thelathini haistahili kuitwa ratiba. Ni matumaini tu kwamba mtu mmoja hatachoka, hataugua na hatauguliwa. Kama si Jumatano ile, simu ingezimwa Jumatano nyingine. Hilo nakuambia ili utakapojieleza ujieleze sawasawa: "nilizima simu" ni kweli, na "hakukuwa na mtu wa pili wa kupigiwa" ni kweli vilevile. Ukisema la kwanza peke yake utakuwa umetoa nusu ya habari, kama ripoti ya mfawidhi ilivyotoa nusu.

Wanaochunguza vifo vya uzazi wana namna ya kuutazama usiku kama huo. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama hupotea kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Hadi leo tunafundishwa hivyo vyuoni, nawe ulifundishwa. Haya, chukua saa zako uziweke humo. Uamuzi wa kutafuta msaada ulifanyika saa tatu na nusu, na aliyeufanya ni Bibi. Saa moja na nusu kabla mtoto hajazaliwa mzee yule alikuwa ameshika simu, na mjukuu ametumwa mvuani. Baada ya hapo ndipo ucheleweshaji ukaanza: simu imezimwa, mlinzi anajibu nesi hayupo bila kukimbia hatua chache kukugongea, hakuna namba nyingine, barabara ni utelezi. Sehemu kubwa ya hayo ni ya zahanati, na Bibi hahusiki nayo. Lakini hata yeye zipo dakika zake: kati ya saa tano na saa sita na robo damu ilikuwa inatoka, na mikono yake, kwa uzoefu wake wote, haina dawa ya damu hiyo. Hapo alipambana na bodaboda. Je, anaijua namba 115? Mfumo huo wa M-mama ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022 unapokea simu za bure, na mwananchi naye anaweza kupiga. Nyumba ile ingepiga saa tano na dakika kumi, wala sijui kama kuna aliyewahi kuwaambia.

Sasa swali lako la mwisho, kama ulikosea kushirikiana naye. Hili nalijibu kwa moyo wote, kwa sababu naliona linakula msingi wa kazi yako. Tumetoka mbali kama nchi. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Kati ya tafiti hizo mbili wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Asilimia hizo hazikupandishwa na majengo peke yake. Zilipandishwa pia na wauguzi waliotoka getini wakaenda kukaa kwenye mikeka ya watu kama ulivyokaa wewe. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2015, lilishauri kwamba pale ambapo wakunga wa jadi bado wanategemewa, watoa huduma wakae nao, pamoja na akina mama na familia, wakubaliane kazi nyingine ambayo wakunga hao wataifanya badala ya kuzalisha. Ndicho mlichofanya wewe na Bibi bila kusoma waraka wowote. Na miongozo ya shirika hilo hilo ya 2018 inataka kila mama mwenye uchungu awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Kile kiti chenye waya kilikuwa na sababu ya kuwa leba.

Lakini usikimbie na maneno hayo ukampige nayo mfawidhi wako. Tazama anachokiona yeye. Ni kijana, amekabidhiwa kituo, na mkaguzi akija ataulizwa yeye, wewe hutaulizwa. Akimkuta bibi leba asiye na cheti, hajui kama mzee huyo anasugua mgongo au anaingiza vidole. Amefundishwa, na amefundishwa kweli, kwamba mkunga wa jadi hawezi kuzuia damu kama ile. Usiku wa Jumatano umemthibitishia hofu yake. Kuna tofauti kubwa kati ya Bibi anayezalisha na Bibi anayesindikiza, na kwako tofauti hiyo iko wazi kama mchana. Je, yeye umewahi kumweleza? Barua yako inasema ulikwenda kwa Bibi mara nne kabla hamjazungumza kazi. Nimetafuta mahali uliposema umekaa na mfawidhi hata mara moja, sijapaona. Alitoa kiti, ukanyamaza. Akina mama wakaanza kuchelewa, ukajua sababu, ukanyamaza. Sikulaumu, mwanangu, najua ilivyo kumweleza mkubwa wako wa kazi jambo asilotaka kulisikia. Ila makubaliano yako na Bibi yalikuwa yanaishi kwenye simu moja na kwenye moyo wa mfawidhi aliyehama. Huyu mpya hakuyavunja. Hakuwahi kuambiwa kwamba yapo.

Na kuna kitu kimoja kwenye barua yako ambacho nadhani ulikiandika bila kukitazama. Ile friji. Unajua kuliko mimi kwamba oksitosini ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu, unachoma na tumbo halikazi. Saa sita na robo ya usiku ule ulichoma sindano ikafanya kazi, kwa sababu kuna mtu aliyehakikisha friji haizimiki. Mama yule aliokolewa na Bibi aliyemshikilia kwenye bodaboda, na wewe uliyekanda tumbo, na mhudumu aliyepiga 115, na dereva, na huyo huyo mfawidhi unayemwogopa, ambaye labda hajui kwamba alikuwepo. Ningekuwa na nafasi ya kumwambia sentensi moja tu, ningemwambia hiyo.

Kuhusu Bibi. Umechukua ukimya wake kuwa anakulinda. Huenda ni hivyo. Wazee wetu wana tabia hiyo ya kumfunika mtoto wa mtu kwa kanga yao. Lakini huenda kweli anajiona alichelewa, na usiku analala akihesabu zile dakika. Huenda anadhani akitaja simu hakuna atakayemwamini mbele ya sare nyeupe. Huenda amekuchukia, na heshima yake tu ndiyo inamzuia kusema. Hujui, kwa sababu tangu usiku ule hukuandika popote kwamba umekwenda kwake. Ningependa uende. Usiende kuomba msamaha wala kusamehewa haraka haraka ili upate usingizi, na msipange maneno ya kusema kikaoni. Ikijulikana mlipanga, ya kwake na ya kwako yote yataonekana uongo. Mwambie tu, "Bibi, nilizima simu. Niliona ulipiga mara saba." Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kukuambia neno ambalo litabadilisha yote ninayokuandikia hapa.

Sasa karatasi ya kusaini. Unaitwa shahidi. Shahidi wa nini? Saa tatu na nusu ulikuwa umelala, saa tano ulikuwa umelala. Ulichokishuhudia kinaanza saa sita na robo mlangoni kwako. Unaweza kumwambia mfawidhi, kwa adabu, kwamba uko tayari kuandika maelezo yako mwenyewe ya ulichokiona na ulichokifanya, badala ya kusaini ya mtu mwingine. Ukisaini na zile taarifa saba za simu zikajulikana baadaye, kwa mjukuu, kwa mlinzi, kwa mume wa mama yule, utakuwa umeongeza kosa la karatasi juu ya kosa la simu, na hilo la karatasi ndilo gumu kutetea. Na kijijini mambo haya hujulikana. Kuna mtoto aliyetumwa zahanati usiku, na kuna mlinzi aliyemjibu.

Kusema papo hapo kikaoni, mbele ya mtendaji na wageni wa wilaya, ni njia nyingine. Ina ushujaa wake. Hatari yake ni kwamba mfawidhi atashtukizwa mbele ya wakubwa, na mtu aliyeshtukizwa hujitetea kwanza, kusikiliza baadaye. Kikao kitamwacha Bibi kitakugeukia wewe. Kitakuwa kimebadilisha mtu wa kulaumiwa, na ratiba yenye jina moja itabaki ukutani.

Kumweleza mfawidhi kabla, faragha, na ile karatasi ya saa mkononi, kunampa nafasi ya kurekebisha ripoti yake mwenyewe. Anaweza kukubali. Anaweza pia kuyachukua maneno yako akayatumia kujisafisha. Humjui vya kutosha, nami simjui kabisa. Ukiona hilo linakutisha, yupo mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto wa wilaya. Kazi yake ni matukio kama haya, na kwenye vifo vya uzazi tumezoea mapitio yasiyotafuta jina la mtu wala lawama, yanayouliza nini kilikosekana. Mama huyu alinusurika, na aliyenusurika ana ya kutufundisha kuliko hata aliyekufa. Unaweza kuuliza kama usiku huu upitiwe kwa namna hiyo kabla kijiji hakijatoza faini. Ila kumruka mfawidhi kuna bei yake, na mtaendelea kufanya kazi chumba kimoja.

Leseni na kazi: siwezi kukuahidi kwamba hakuna litakalokupata. Kama wewe ni mwanachama wa TANNA, chama cha wauguzi, au TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, zungumza na kiongozi wako wa tawi kabla hujaandika maelezo yoyote. Mume wako anaogopa mkopo na mtoto, naye ana haki ya kuogopa. Mweleze hata zile hatari za kunyamaza, maana nadhani amezisikia za kusema tu.

Na ile faini. Nafahamu nia ya sheria ndogo hizo, na zipo vijiji vinavyoamini zimesaidia. Lakini fikiria mama wa mimba ya sita, mvua kama ile, ameshazalia njiani au nyumbani kwa bahati mbaya, damu inatoka. Anajua akionekana zahanati mumewe atalipa. Atagonga mlango wako saa ngapi? Bibi safari hii aligonga. Akiadhibiwa kwa kugonga, anayefuata atajifunza nini? Hilo unaweza kulisema kikaoni hata kama hujawa tayari kusema mengine, kwa kuwa ni la kazi yako na unalijua kuliko yeyote atakayekuwa mezani. Kama kutakuwa na nafasi, ulizia pia namba ya pili ya usiku, maelekezo ya mlinzi, 115 iandikwe kwa herufi kubwa getini na nyumbani kwa Bibi, na kile kiti.

Nimebakiwa na jambo moja, nililoliona kwenye usomaji wa pili. Umeniandikia mengi kuhusu Bibi, na mfawidhi, na mume wako, na wewe mwenyewe. Mama aliyevuja damu umemwandika kama presha, kanga mbili na chupa mbili. Yeye alikuwa macho tangu saa mbili. Alimwona Bibi anapiga simu, alimsikia mjukuu anarudi na jibu, na ndiye aliyeamua, au hakuamua, kubaki nyumbani jioni ile. Habari inayokwenda kujadiliwa Alhamisi ni ya mwili wake, na kwenye orodha ya wanaokuja kikaoni sijamwona yeye wala mtu wa kumsemea, isipokuwa mumewe anayekuja kutozwa. Bado anahitaji kuangaliwa wingi wa damu, na mtoto ana chanjo. Una sababu ya kwenda kwake wiki hii hata kama kikao kisingekuwepo. Ukishampima, muulize alivyouona usiku ule, na kama angependa usemwe, na usemwe na nani.

Niandikie tena baada ya hapo, mwanangu, kabla ya Alhamisi kama utaweza. Nitakuwa nakungoja.